Ila Kumi na Moja za Gari la Maalim

Maalim alipoamua kuliuza gari lake, aliniita barazani kwake, mtaa wa Azaiba, Maskati, akaniambia nitoe simu niandike tangazo. Macho yake hayakuwa tena ya kuandikia. Nikamwuliza tuanze na nini, injini au rangi. Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa swali la mchezo darasani.

"Anza na ila zake," akasema. "Uzuri wake watauona wenyewe."

Zikafika ila kumi na moja. Mlango wa kulia haukubali kufungwa mpaka uunyanyue kidogo. Kipimo cha petroli kinasema nusu, kumbe imebaki robo. Mvua ya upepo hupenya kwenye pembe ya kioo cha mbele. Kiyoyozi kinapoza vizuri gari likienda, likisimama kwenye taa kinaanza kupuliza moto. Ukitaka kuligeuza, utafute uwanja wa mpira. Kila nilipodhani tumemaliza, aliinua kidole, akakumbuka nyingine. Mwisho akanituma nikapige picha kutu iliyo chini ya sakafu, upande wa nyuma, mahali ambapo mnunuzi asingepaona mpaka alipindue gari juu chini. Sifa aliniachia niandike moja tu, na hiyo aliitaja mwenyewe neno kwa neno: viti vimeshonwa na fundi wa Ghala, kwenye magereji, likafuata jina langu na jina la duka langu.

Naandika habari zake kwa shukrani, sina sababu nyingine. Alizaliwa wapi na nani mjomba wake, hayo wapo wayajuao kuliko mimi. Mimi nilimjua kwa sababu ya kelele.

Nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya talaka, na riziki yangu ilikuwa kushona magauni chumbani, cherehani kiko dirishani. Kati ya nyumba yetu na yake pana ukuta mmoja tu. Siku zile mtaa mzima ulikuwa ukija kunipa pole kwa namna ya kutaka habari. Mchana mmoja ikapigwa hodi, nikajua ni mwengine wa hao hao. Nikamkuta mzee mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na kwenye upindo wa mkono wa kulia doa la grisi la ukubwa wa kidole gumba.

"Mwanangu, cherehani chako kinaumwa," akasema. "Nnakisikia tangu juzi. Bobini inagonga. Nipe ruhusa nikitazame, maana sipati kulala mchana."

Alikifungua mbele ya mama, akatoa kipande cha uzi kilichojisokota ndani, akatia tone la mafuta, kisha akazungusha gurudumu kwa kidole huku amefumba macho. Habari ya talaka hakuiuliza, wala hakunipa pole. Kabla ya kuondoka akachukua gauni nililokuwa nalishona, akalipindua, akatazama mishono kwa ndani. "Si haba," akasema, akaenda zake. Mama alikasirika kwa niaba yangu. Hatukujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na kwamba wapo wanafunzi wake waliomaliza skuli bila ya kuipata.

Alisomesha hesabu kwa miaka mingi, mpaka jina lake likamezwa na kazi yake; hata mkewe alimwita Maalim. Nusu ya wanaume wa mtaani kwetu wamepita mikononi mwake. Mpaka leo mtu mwenye cheo chake na mvi zake akimwona anakuja, sigara huiangusha chini akaikanyaga. "Hesabu haina haya," alikuwa akiwaambia, yaani jibu likiwa kosa litakuumbua mbele za watu bila ya kujali baba yako ni nani. Chuma nacho alikuwa na neno lake: "Chuma hakisamehe, lakini hakina kinyongo." Ukikata vibaya, umekata vibaya. Kesho ukirudi na adabu zako, kitakupokea.

Na chuma alikuwa nacho cha kutosha. Gari lile alilikuta bandani kwa kuku. Alikwenda kuhani msiba kwenye shamba moja la mitende huko Barka, akaona nyuma ya kisima ganda la gari la Kimarekani la miaka ya thalathini ya karne iliyopita. Halina injini, halina magurudumu, na pale palipokuwa na kiti kuku wawili wameatamia. Wenzake walirudi Maskati na majonzi yao. Yeye wiki ya pili alirudi na lori. Mwenye shamba alidhani mzee wa watu amechanganyikiwa, akamwomba tu asubiri vifaranga vitotolewe kwanza. Maalim akasubiri, kwa sababu ombi lile aliliona la haki.

Kazi aliyoifanya juu ya ganda lile ilimchukua miaka tisa. Chesisi, mifupa ya gari, aliiunda upya kwa vyuma vya mraba, akisaidiwa na Mhindi mmoja mchomeaji ambaye walisemezana kwa Kiarabu cha kuokoteza. Injini ya silinda nane ilitoka kwenye gari la kisasa lililopondeka mgongo. Paa alilikata kote kulizunguka, akalishusha inchi tatu, akalichomea tena, na kwa kazi hiyo peke yake alikaa miezi akipima na kufuta. Magurudumu ya mbele yakawa nje ya bodi, kila moja na bawa lake dogo la kuzuia tope. Rangi aliitaka ya halua, na si halua yoyote, bali ile iliyoiva ikakaribia kuungua. Siku ya ukaguzi, mkaguzi alilizunguka mara mbili, akamwuliza aliandike la zamani au jipya. "Andika unachokiona, mwanangu," Maalim akamjibu, na jibu hilo lilimpa mkaguzi kazi ya asubuhi nzima.

Mkewe aliliita mke mwenziwe. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" atauliza, akimtilia kahawa. Ncha za masikio ya Maalim zilibadilika rangi. Mtu aliyekuwa mkweli kwa kila mtu, kwa mkewe alishindwa na jambo moja, nalo ni robo saa. "Nnakwenda Ghala robo saa," atasema, akichukua funguo. Naye mkewe atasema bila ya kuinua kichwa, "Haya, basi chakula chako cha mchana utakila usiku." Sijapata kumwona mtu anayejua hesabu namna ile akadanganywa na robo saa kila siku ya Mungu.

Sitaki nionekane nampamba. Alikuwa na ulimi. Mtu akichelewa dakika tano alikuta mlango umefungwa, hata akiwa ametoka mbali kama Sohar. Alikuwa bahili wa skrubu: zile zilizopinda alizinyoosha kwa nyundo ndogo, akazipanga kwenye chupa za jemu kwa urefu. Lakini yule Mhindi alipotaka kufungua karakana yake mwenyewe, Maalim alimpa sanduku zima la vifaa, funguo za kila saizi, na akakasirika aliposhukuriwa. Alitia injini inayoweza kurarua barabara, kisha akaliendesha gari kwa mwendo wa kumpeleka bi harusi. Vijana walimpita wakimpigia honi. Yeye aliinua vidole viwili kwenye usukani, akiwarudishia salamu, akidhani au akijifanya kudhani kwamba wamemsalimu.

Siku aliyokuja kunitaka nimshonee viti, nilimcheka.

"Mimi nashona magauni, Maalim."

"Kiti nacho kina mabega na kiuno," akasema. "Tofauti yake, hakilalamiki."

Nikamshonea. Ilinichukua muda, na nitaeleza mbele jinsi ilivyokuwa, maana pana jambo nililoficha na pana jambo nililofichwa. Hapa inatosha kusema kwamba gari lilipotoka barabarani watu walichungulia ndani kwanza kuliko walivyoangalia injini, na wawili wakauliza nani kashona. Maalim akawaleta kwangu, magauni yangu yakahamia kabatini. Kisha akaja na habari kwamba karibu na yule mchomeaji, Ghala, kuna chumba kitupu chenye mlango wa chuma. Mama akashika kichwa. Mwanamke, tena mwenye talaka, peke yake katikati ya magereji?

"Maalim, watu watasema nini?"

"Watasema," Maalim akamjibu. "Kwani sasa hivi wamenyamaza?"

Nikahama na cherehani changu. Asubuhi ya kwanza nilikuta kiti cha plastiki mlangoni na Maalim amekikalia, gazeti mkononi. Aliketi pale kila asubuhi kwa miezi minne. Hakunisaidia kazi wala hakunifundisha neno. Mteja akija akamwelekea yeye, yeye alinyoosha gazeti kuelekea ndani. Bwana mmoja aliyekataa kuelewa aliendelea kumweleza yeye viti anavyovitaka, mpaka Maalim akamwambia, "Sheikh, mimi mteja kama wewe. Nnangoja zamu yangu." Hakuna aliyenitamkia neno baya katika miezi ile. Halafu asubuhi moja nikafika, Maalim hayupo na kiti hakipo. Hakuniaga, na siku zote zilizofuata hakulitaja jambo hilo. Nilisimama pale mlangoni na ufunguo mkononi, nikajua nimefaulu.

Leo nna vyerehani vitatu na wanawake wawili wa kunisaidia. Kila nikifungua ule mlango wa chuma namwombea mzee yule, na nampenda kama nilivyompenda baba yangu. Naandika hivyo hapa kwa sababu mbele yake nisingethubutu kusema. Angeniambia nikatazame bobini.

Macho yalianza kumwacha polepole. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Akawa anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba likizidi kuwa jembamba. Alitii dawa zote isipokuwa neno la kuacha kuendesha. Kisha siku moja akanipigia simu, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Nipo mbele ya maduka, Azaiba. Njoo unichukue. Gari zima, dereva ndiye mbovu."

Nilimkuta amesimama kando, taa zote nne zinawaka na kuzima, funguo zimewekwa juu ya paa. Mama mmoja na mwanawe walikuwa wakivuka barabara na Maalim hakuwaona mpaka walipokuwa mbele ya boneti. Kwa mwendo wake wa bi harusi alisimama mapema, hakuna aliyeguswa. Lakini tangu siku ile hakushika usukani tena. Gari likaja kukaa dukani kwangu, chini ya kivuli, na kila Alkhamisi nilimleta akaliwasha, akakaa pembeni akilisikiliza.

Wanawe wana magari yao na hawana hamu na hilo. Mimi ningelitaka, lakini kazi yangu inataka gari la kubebea sponji na marobota ya ngozi. Ndipo akaamua kuliuza, na masharti yake hayakuwa mengi. Liende kwa mtu wa kuliendesha. Na liende mapema, yeye angali anaweza kuliona likiondoka.

Tangazo lilizunguka Oman nzima, lakini watu walilisambaza kwa kucheka. Walikuja kupiga picha na gari, wakamwuliza Maalim ila ya saba ni ipi, wakaenda zao. Waliokuja kwa nia ya kununua, Maalim aliwapokea kwa kuwasomea zile kumi na moja kwa kichwa, moja baada ya moja, na wengi hawakumsubiri afike ya sita. Bwana mmoja mwenye mkahawa alikuwa tayari siku ile ile, alitaka kuliweka nyuma ya kioo watu wanywe chai wakilitazama. "Hili si sanamu," Maalim akasema, na mazungumzo yakaisha. Mkewe akamtania kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na chake yeye kinajishitaki. Msaidizi wangu mmoja, binti wa Kiganda asiyeficha fikra zake, akaniuliza, "Madam, huyu mzee anauza gari ama anafukuza wateja?"

Nilimsihi walau apunguze. Nikamwambia mambo mengine mnunuzi atayaona akiwa njiani.

"Atayaona nishachukua chake," akasema. "Wallahi siwezi. Kuuza kitu na ila yake umeikalia kimya ni wizi wa kuvaa kofia."

Miezi ikapita, bomba likazidi kuwa jembamba. Alkhamisi moja aliniuliza kama nimelihamisha gari, nalo lilikuwa hatua nne kutoka alipo. Nilimshika mkono nikamsogeza mpaka akaligusa. Nilianza kuogopa kwamba litaondoka siku ambayo hatalijua ila kwa sauti.

Kisha akaja bwana mmoja wa mji wa Ibra. Mtu wa makamo, mpole, aliyekulia Bujumbura na Kiswahili chake kimebaki huko. Alikuja dukani Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na mkononi alikuwa na karatasi: amelichapa tangazo, ila zote kumi na moja, na kando ya kila moja amechora kisanduku. Alisema ana safari ndefu kila mwezi, Ibra mpaka Salala, na amechoka kusafiri kwenye gari lisilo na habari naye. Maalim alivutiwa naye tangu hapo. Wakaanza. Bwana wa Ibra alijaribu kuufunga mlango bila kuunyanyua, akaona haufungi, akatia alama. Akalala chini kwa kanzu yake ya Ijumaa kuitazama kutu, akatia alama. Wakatoka nalo barabarani, Maalim kando, wakarudi baada ya nusu saa wote wawili wakiwa kimya kama watu waliotoka kula vizuri.

"Mzee, hii gari iko vile umesema," akasema bwana wa Ibra. "Nimenunua magari mingi kwa maisha yangu. Hakuna mtu aliniambia ukweli hivi. Nachukua."

Nikahisi mzigo unanishuka. Maalim alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Ndipo yule bwana, kwa kutaka tu kuona kila kitu, akainama kwenye mlango wa abiria akainua ile ngozi ya kondoo iliyotandikwa juu ya kiti. Ngozi ile ilikuwa pale miaka yote. Maalim alisema ni kwa ajili ya mgongo wa mkewe.

"Na hii?" akauliza.

Nikasogea nikaona. Kwenye ngozi ya kiti, kuanzia bega mpaka chini, palikuwa na safu mbili za matundu madogo, yamepangika kama yaliyopimwa. Nikayatambua mara moja.

Hapa lazima nirudi nyuma. Mtu aliyezoea kitambaa, akitaka kushikanisha vipande viwili huchoma pini, akashona, akazichomoa, na kitambaa husahau. Ngozi haisahau. Tundu la pini kwenye ngozi ni la maisha, ndiyo maana washonao viti hutumia vibanio na gundi. Mimi sikulijua hilo. Ngozi ya kwanza ambayo Maalim aliniletea, aliyoitafuta kwa muda mrefu na kuisubiri ifike, niliichoma pini toka juu mpaka chini kama gauni la Idi. Nilishona kifuniko kizima, nikachomoa pini, nikaona nilichokifanya, nikakaa chini nikalia. Yeye alikichukua, akapitisha kidole kwenye matundu, akanambia, "Wacha. Hii nitakatia mikanda." Akaleta kipande kingine, nikashona kiti cha dereva na cha nyuma kwa vibanio. Cha abiria akasema nisijisumbue, kuna mtu huko Rusayl atakimaliza. Miaka yote hiyo niliamini kuna mtu Rusayl. Kosa lile sikumwambia mtu yeyote, hata mama.

Bwana wa Ibra alikunjua karatasi yake.

"Mzee, umeandika kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili." Hakuwa amekasirika, ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa amehuzunika. "Sasa najiuliza, ziko ngapi zingine?"

Maalim alisimama, mkono juu ya paa, uso umeelekea mahali ambapo yule bwana hakuwepo. Nikangoja aseme. Neno moja lingetosha: si mimi, ni fundi. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama pale, na jina lake limo kwenye tangazo.

"Una haki ya kuondoka," akasema. "Sikukwambia. Haki ni yako."

Bwana wa Ibra akaanza kuikunja karatasi. Nikaona gari linabaki, na Alkhamisi zinazokuja, na Maalim akilitafuta kwa mikono. Nikaona pia mtu ambaye nusu ya watu wa Maskati huapa kwa ukweli wake akiondokewa na mnunuzi aliyemwona mwongo, naye ameridhia.

"Ni matundu ya pini," nikasema. "Ni yangu. Nilikuwa sijui kazi. Alinambia ile ngozi ataikatia mikanda, na mimi sikujua kama imo humu mpaka ulipofunua."

Nikamweleza yote, pini na vibanio na mtu wa Rusayl ambaye hayupo. Pale nje palikuwa na mafundi wa magereji mawili wamesimama wanasikiliza, na yule bwana mwenyewe anajuana na watu wenye magari. Bwana wa Ibra alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Maalim.

"Kwa nini hukuandika?"

Maalim aliushusha mkono kutoka juu ya paa.

"Ila ya gari ni ya gari, nnaisema," akasema. "Hii si ya gari. Hii ya mtoto wa watu, nami nilikwisha mstiri." Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Lakini nimekukosea wewe. Nisingeweza kufanya vyote viwili, na nilikuwa nnajua. Nisamehe."

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Bwana wa Ibra aliitazama karatasi yake, akanipa pamoja na kalamu. Nikaelewa. Nikaiweka juu ya boneti, chini ya ile ya kumi na moja nikaandika kwa mkono wangu: ya kumi na mbili, kiti cha abiria kina matundu ya pini, kosa la fundi. Nikatia jina langu. Akachora kisanduku kando yake, akatia alama.

"Sasa ni kamili," akasema, akaushika mkono wa Maalim.

Nilimwambia nitamshonea kifuniko kipya bila malipo, aniachie gari mpaka Jumapili. Akasema atapita siku nyingine, leo anataka afike Ibra kabla ya kiza. Akairudisha ngozi ya kondoo mahali pake, akailainisha kwa kiganja, akaingia.

Mimi na Maalim tulisimama mlangoni. Injini ikawaka, na nikaona midomo yake inakwenda. Sikujua anahesabu silinda au anasoma dua. Nilimshika mabega nikamgeuza polepole ili gari liwe katikati ya kile alichobakiwa nacho, na nikaendelea kumgeuza kadiri lilivyokwenda. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Lile gari la rangi ya halua likafika mwisho wa njia, penye kona ya barabara kubwa.

"Amewasha taa ya kupindia?" akaniuliza.

"Amewasha, Maalim."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wengi hawawashi."

Sikuona kama amewasha au hakuwasha. Nilikuwa nalia.